Vidole Viwili Hadi Moba

Kila asubuhi ya jua, umande ukiwa bado kwenye majani, akina mama walipanda na mabeseni yao ya ndagala hadi kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha misheni, nje kidogo ya mji wa Kalemie. Ndagala ni dagaa wa ziwa Tanganika. Wavuvi huwanasa usiku kwa taa, na asubuhi kazi ya kuwakausha huwaangukia wanawake. Mwanamke aliyewaanika mchangani aliuza mchanga pamoja na samaki, na wanunuzi wa sokoni hawakuwa na meno ya kuchezea. Aliyewaanika juu ya saruji ya kiwanja aliuza samaki watupu, wasafi, na alirudi nyumbani akiimba.

Hiyo ilikuwa miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, na ndege zilizotua hapo hazikuwa nyingi. Ilikuja moja tu, ndogo, mara mbili au tatu kwa mwezi, ikileta dawa, barua na mapadri wenye kichefuchefu. Papa Salomon, mlinzi wa kiwanja, alikuwa na mapatano na akina mama tangu zamani: saruji ni yao mpaka habari ifike kwamba ndege iko njiani. Habari ilifika kwa foni, ile redio ya kuongea iliyokuwa katika dispensari ya masista, hatua chache kutoka kiwanjani. Ikifika, kila ndagala lazima aondoke.

Kuwaondoa hakukuwa mchezo. Ndagala ni wadogo kama vidole vya mtoto, na nusu ya kiwanja ilikuwa imefunikwa. Walifagiliwa taratibu kwa fagio laini, maana ukifagia kwa hasira vichwa vinakatika, na ndagala asiye na kichwa ana bei ya huzuni.

Emerance, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa mtu mkubwa hapo kiwanjani. Nyumbani aliitwa Emerance. Shuleni aliitwa Ngoie, kwa sababu serikali ya wakati ule haikutaka majina ya ubatizo, nayo yalibaki nje ya lango la shule pamoja na mbwa. Ukubwa wake ulitokana na hesabu. Zamani, akina mama waliposikia kwamba ndege imetoka Lubumbashi, walikusanya samaki palepale, kisha wakakaa na mabeseni ya samaki wabichi nusu ya siku, wakitazama mbingu tupu. Ndipo mwalimu wake, Citoyen Mwamba (Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo kila mtu mzima alivyoitwa wakati ule), alipotundika ramani darasani na kuwafundisha wanafunzi kupima kwa vidole. Kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi, alisema, ni vidole tisa vilivyolazwa pamoja, na ndege ndogo ya misheni hutumia saa tatu.

Emerance aliipeleka hesabu hiyo kiwanjani. "Ndege ikitoka Lubumbashi, muna saa tatu," aliwaambia. "Muache ndagala wakauke saa mbili na zaidi, kisha muokote." Akina mama walimcheka, lakini wakajaribu, na ndege ikaja kama alivyosema. Tangu siku ile walimwita Mama Piloti. Walimpa mihogo ya kuchoma, walimpa nafasi ya kukaa kivulini, na hakuna aliyemtuma maji tena. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Emerance alikuwa amesifiwa likizo nzima ya Krismasi.

Ikafika likizo ya Pasaka. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na samaki wote wa siku hizo waliuzwa wabichi kwa bei ya kutupa. Siku ya tano jua lilitoka. Wanawake waliwahi na mabeseni yaliyojaa pomoni, wakaanika mpaka saruji ikawa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mwewe walianza kuzunguka juu, na watoto wakakimbia huku na huku wakiwafukuza kwa mawe na kelele.

Emerance hakufukuza mwewe. Alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya ukuta wa kibanda cha Papa Salomon, akisukwa nywele kwa uzi na rafiki yake wa darasani, Immaculée. Mama yake alikuwa karibu, akigeuza samaki. Hapo ndipo Germain, mfanyakazi wa dispensari, alipotokea juu ya baiskeli, akikanyaga kwa haraka.

"Mama zangu!" alipiga kelele bila kushuka. "Masista wamepata foni. Ndege imetoka Moba sasa hivi! Imebeba mama mwenye uchungu, mutoto amekaa vibaya ndani ya tumbo. Kule alikotoka hakuna wa kumupasua."

"Yesu!" alisema Mama Emilie, mkubwa wa waanikaji wote. "Na njia ya kutoka kiwanja kikubwa cha serikali mpaka hospitali?"

"Mvua imeikata. Itatua hapa. Mimi njo naenda hospitali kuita daktari na motokari." Akakanyaga baiskeli, akapotea kwenye mteremko.

Akina mama walisimama na fagio mkononi. Kuokota sasa kulimaanisha kurundika samaki wabichi baada ya siku nne za hasara, na ndagala aliyerundikwa mbichi huanza kunuka kabla ya jioni. Kutookota kulimaanisha ndege kukuta saruji imefunikwa. Wote wakamgeukia Emerance.

"Mama Piloti," Mama Emilie aliuliza, "tuko na wakati gani?"

Swali lilikuwa jipya. Emerance alijua vidole tisa vya Lubumbashi na hakujua kingine, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kingine. Lakini Moba aliijua kwa mwili wake. Bibi yake aliishi kule. Kwenda kwake walipanda masuwa, boti ya mbao, bandarini jioni, wakalala juu ya magunia, mawimbi yakawatikisa usiku kucha, na Emerance akatapika mpaka hakuna kilichobaki tumboni. Alfajiri ndipo walipoona taa za Moba. Mji wa Lubumbashi hakuwahi kuuona. Kwake ulikuwa nukta kwenye karatasi. Moba ilikuwa mbali, mbali ya kweli, mbali ya kutapika. Tena nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, na macho yote yalikuwa kwake.

"Moba?" alisema, akikunja uso kama Citoyen Mwamba. "Bado sana. Muache jua lipande kwanza. Ndagala watakauka."

Akina mama walishusha pumzi. Lakini mama yake aliacha kugeuza samaki.

"Emerance. Umehesabu?"

"Nimehesabu, mama."

Lilikuwa neno moja, na lilitoka kwa urahisi kabisa. Mama yake alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye samaki wake. Fagio zililazwa chini. Mtu mmoja alianza kusimulia habari ya harusi, wengine wakacheka, na kazi ikaendelea kama kwamba hakuna ndege yoyote duniani.

Immaculée alifunga uzi, akaanza msuko mwingine. Alikuwa msichana mtaratibu ambaye hakuwa hodari wa hesabu na hakuona haya kusema hivyo. Alisuka wa pili, akasuka wa tatu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Ulihesabu saa ngapi? Mikono yako ilikuwa magotini. Sikuona hata kidole kimoja kikitembea."

"Nilihesabu ndani ya kichwa."

"Unionyeshe na mimi. Tukirudi masomoni, Citoyen atauliza, na mimi njo ataniuliza wa kwanza. Unajua namna ananipenda."

Emerance hakuweza kukataa bila kujiumbua. Aliokota kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko la Papa Salomon, akainama, akaandika kwenye kizingiti cha kibanda. Vidole tisa, saa tatu. "Kwa hiyo," alisema kwa sauti ya ualimu, "vidole vitatu ni saa moja. Unaona?"

"Naona. Na Moba ni vidole vingapi?"

Mkono wa Emerance ulisimama. Alifumba macho kuitafuta ramani. Aliliona ziwa, utepe mrefu wa bluu. Aliiona Kalemie pembeni mwake, na chini yake, kwenye ufuo uleule, Moba. Alikumbuka siku ambayo Citoyen aliwageuzia mgongo kuandika ubaoni, naye akanyoosha mkono kwenye ramani kupima njia ya kwa bibi. Alikumbuka pia jinsi alivyoshangaa. Alikuwa ametegemea kujaza mkono mzima.

"Vidole viwili," alisema.

"Viwili tu?" Immaculée alianza kuhesabu polepole. "Vitatu ni saa moja. Saa moja ni dakika makumi sita. Kidole kimoja ni dakika makumi mbili. Basi viwili..." Alisita, akiogopa kukosea. "Dakika makumi ine?"

Emerance alizitazama tena namba zake za mkaa. Masuwa hutambaa juu ya maji usiku kucha, na ndege haijui habari ya mawimbi. Umbali ulikuwa uleule, ila mwendo ulikuwa mwingine. Hata mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo, kama angekaa chini akahesabu. Na tangu Germain aondoke, Immaculée alikuwa amesuka misuko minne.

"Nyamaza tu," Immaculée alinong'ona, maana naye alikuwa ameelewa. "Labda itachelewa. Papa Salomon akiisikia atapiga filimbi."

"Akipiga filimbi, itakuwa imefika juu ya kichwa. Hawataweza kumaliza."

"Watakuchapa."

Hilo lilikuwa kweli. Tena kuchapwa kulikuwa nafuu. Kulikuwa na mambo mengine: mihogo, kivuli, jina la Mama Piloti. Emerance aliyatamani yote hayo, na ni vizuri kusema wazi kwamba kwa muda mfupi aliyatamani kuliko alivyomhurumia mgonjwa ambaye hakumjua hata jina. Kisha akakumbuka usiku ambao mama yake alimzaa André, mdogo wao wa mwisho. Emerance alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alisikia kila kitu, na mtoto alikuwa amekaa vizuri.

Alisimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Mama zangu, muokote!" alipaza sauti. "Muokote sasa hivi! Ndege iko karibu!"

Wanawake walicheka. "Mama Piloti ameota," alisema mmoja.

"Sikuota. Niliwadanganya. Nilisema nimehesabu, na sikuhesabu. Nimehesabu sasa. Moba ni dakika makumi ine tu, na nyingi zimekwisha kupita!"

Kicheko kilikatika. Mama Emilie alifungua kinywa, na maneno yaliyokuwa yakija hayakuwa mazuri, lakini mama yake Emerance alikwisha kuinama na kushika fagio. "Matusi baadaye," alisema. "Tufagie."

Wakafagia. Mwanzoni walifagia kwa utaratibu wa siku zote, wakiangalia vichwa vya samaki. Papa Salomon alikuja mbio. "Haraka, mama zangu! Ndagala chini ya gurudumu ni ute mutupu, ndege itateleza mpaka kwenye manyasi. Na hawa mwewe, wakiingia kwenye injini, basi!" Watoto waliongeza mawe na kelele. Emerance alifagia, akabeba, akarudi, akafagia tena, na hakuna aliyemtazama.

Walikuwa wamebakiza zaidi ya robo ya kiwanja Papa Salomon alipoinua kichwa. Mlio ulitoka upande wa ziwa, mdogo kama wa nyuki, kisha ukawa mkubwa. Filimbi ililia. Ndege ilitokea, nyeupe, ikashuka, ikashuka zaidi. Kila mtu alitambua kwamba rubani ameona samaki. Pua iliinuka, injini ikanguruma, ikapita juu ya vichwa vyao na kuondoka.

"Inarudi Moba!" mtu alilia.

"Inazunguka!" alisema Papa Salomon. "Inazunguka! Mutoe vyote! Musiangalie samaki, muangalie saruji!"

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Mama Emilie. Alikuwa amechukua mwisho wa kiwanja, pale jua linapofika kwanza, na samaki wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote. Mabeseni yalikwisha kujaa. Mama Emilie alitazama angani, akatazama samaki wake, akakaza kitenge kiunoni. Kisha akawasukuma kwa ufagio mkubwa wa kufagilia uwanja, kwa nguvu zake zote, moja kwa moja kwenye mtaro uliojaa matope ya mvua ya siku nne. Wengine walipoona hivyo waliinama kando yake, wakasukuma kwa fagio, kwa mikono, kwa miguu. Ndege ilipojitokeza mara ya pili, saruji ilikuwa ya kijivu na tupu. Ilitua, ikaruka kidogo, ikatua tena, ikaenda kusimama mwisho kabisa.

Motokari ya hospitali ilikuwa imewasili. Germain na masista wawili walimshusha mgonjwa juu ya machela. Alikuwa mwanamke kijana, macho yamefumbwa, ameng'ata kona ya kitenge chake. Mumewe alitembea kando akimshika kidole kimoja tu, kwa kuwa machela ilikuwa imembana na hakuweza kuushika mkono wote. Wakapita mbele ya Emerance. Alitaka kuangalia pembeni, akashindwa.

Mchana ule hakuna aliyekwenda nyumbani. Walianika upya wale walioweza kuanikwa. Wale wa Mama Emilie walibaki mtaroni. Mazungumzo ya harusi hayakuendelea. Emerance alijikalia peke yake. Hata Immaculée alikuwa ameitwa na mama yake, na kwa hiyo nywele zilibaki vilevile, nusu na nusu.

Jua lilipoanza kuinamia upande wa milima, Germain alirudi. Safari hii alishuka kwenye baiskeli. Akina mama walimzunguka, na kwa sekunde chache alifurahia kuwa mtu anayesubiriwa.

"Mama ni muzima," alisema. "Mutoto ni muzima. Ni musichana. Analia mpaka anasikika barabarani."

Vigelegele vilipasuka. Germain alingoja vikome. "Daktari amesema hivi: ndege ingezunguka mara ingine, ao ingerudi ilikotoka, mutoto asingefika. Na mama yake sijui."

Mmoja baada ya mwingine wakamtazama Emerance. Alijua kwamba zamu yake imefika. Aliinuka, akaja mpaka katikati yao.

"Mama zangu, munisamehe," alisema. "Moba nilikwenda na masuwa. Nikafikiri ni mbali. Mama akaniuliza kama nimehesabu, nikasema ndiyo. Nilisikia haya kusema sijui." Akageukia upande wa mtaro. "Mama Emilie, ndagala wako wameharibika kwa sababu yangu."

Mama yake ndiye aliyejibu kwanza. Hakupandisha sauti.

"Emerance, hata mimi nimekwenda Moba na masuwa. Hata mimi ningesema ni mbali. Kukosa hesabu si zambi. Muntu anakosa, anafuta, anaanza tena. Lakini nilikuuliza swali moja, na kwa jibu lako niliacha samaki chini. Ungeniambia, 'Mama, sijui,' tungeokota palepale na hakuna ambaye angekucheka. Neno 'sijui' lilikuwa ndani ya kinywa chako, ni jepesi, halina bei. Ukalimeza, ukatupa uongo. Na uongo wako karibu uue mutoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

"Lakini ulisimama ukasema," mama yake aliongeza. "Hilo nalo nimeliona. Ungenyamaza, leo tungekuwa matangani."

Mama Emilie alikuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, miguu imejaa matope hadi kwenye vifundo. Katika wote, yeye ndiye aliyepoteza zaidi, na kila mtu alingoja hasira yake. Alimtazama msichana, akatazama zile nywele za nusu na nusu, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo bila yeye kutaka.

"Ndege itakuja tena," alisema. "Itatoka Moba, itatoka Lubumbashi, itatoka kule isikojulikana. Nani atatuhesabia? Mimi sikusoma. Huyu alisoma. Basi utahesabu, Emerance."

Emerance aliinua macho, hakuamini.

"Ila tangu leo hutahesabu ndani ya kichwa," Mama Emilie aliendelea. "Kichwani mwako hatuoni kitu. Utahesabu mbele yetu, kwa sauti, vidole juu, hata kama hatuelewi. Na siku ambayo hujui, utasema sijui kwa sauti ileile. Mwenye kujua anaonyesha namna alivyojua. Asiyeonyesha, mimi sitamwachia samaki wangu, wala mutoto wa mwenzangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Emilie."

"Vizuri. Sasa ingia huku, matope hayaumi."

Emerance alikunja gauni lake, akashuka mtaroni. Akaanza kuokota ndagala, mmoja mmoja, akiwaosha kwenye beseni la maji na kuwapanga kando ya Mama Emilie mpaka giza lilipoingia.